Mwenye ghala amekwisha kungoja kwa niaba yako

Naipenda Port, ile divai ya Ureno, lakini siwaungi mkono wanaoiweka Port ya mwaka mmoja wa mavuno juu ya divai zote tamu zilizoongezwa pombe kali. Kwangu mimi nafasi hiyo ni ya Malvasia, divai ya zabibu za jina hilo kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno, hasa ile ya kampuni ya Blandy's.

Jambo lenyewe ni hili: nani anabeba mzigo wa kungoja? Port ya namna hiyo hukaa kwenye pipa miaka miwili hivi, kisha hutiwa kwenye chupa na kuuzwa ikiwa bado na ukakasi. Miaka 20 inayofuata ni juu yako. Utafute chumba baridi chenye giza, uilaze chupa, usiitikise. Ukishaifungua, siku chache tu ladha inaanza kupotea. Kule Madeira, divai inayostahili kuitwa frasqueira, yaani ya mwaka mmoja wa mavuno iliyokomazwa muda mrefu, lazima ikae ndani ya pipa angalau miaka 20 kabla ya kuiona chupa. Muda wote huo gharama ni ya mwenye ghala, pamoja na divai inayopotea kila mwaka kwa mvuke.

Si kila mfanyabiashara anaweza kusubiri hivyo. Anayejaza pipa anajua fika kwamba huenda atakayeliuza ni mwanawe. Blandy's ilianzishwa mwaka 1811 na John Blandy, Mwingereza aliyehamia Funchal, mji mkuu wa Madeira, na sasa imefika kizazi cha saba. Katikati hapo mizabibu ya kisiwa ilishambuliwa na ukungu miaka ya 1850, halafu mwaka 1872 akaingia filoksera, mdudu anayeua mizizi. Wafanyabiashara wengi walifunga virago. Hawa walibaki, na mapipa yakabaki.

Na mapipa yenyewe hayafichwi kwenye baridi. Kwanza juisi ya zabibu inapochachuka, huongezewa mapema pombe kali iliyokenekwa kutokana na zabibu. Uchachukaji hukoma na sukari nyingi inabaki. Kisha mapipa hupandishwa ghorofa za juu, chini ya paa, jua liyapashe mwaka hadi mwaka. Divai inavyozidi kukomaa ndivyo inavyoteremshwa kwenye ghorofa zenye ubaridi. Utaratibu huu, unaoitwa canteiro, ulitokana na safari za meli: watu waligundua kwamba divai iliyovuka tropiki ndani ya mapipa ilirudi ikiwa nzuri kuliko ilivyoondoka. Divai ya bei nafuu haisubiri jua, hupashwa moto kwenye matangi kwa miezi mitatu hivi. Inafaa kwa mchuzi, lakini haina kina.

Joto na hewa, maadui wa karibu kila divai nyingine, hii imekwisha kuonana nao. Ndiyo maana naisifu kwa sisi wa pwani, ambao nyumba zetu hazina handaki la kuhifadhia chupa. Ukiifungua leo, unaweza kuendelea nayo miezi kadhaa, glasi ndogo ndogo. Iweke imesimama, kwa sababu asidi yake hula kizibo. Na asidi hiyo hiyo ndiyo inayoipa heshima: unaonja sukari iliyoungua kidogo, lozi, ganda la chungwa, halafu inakuja ile kali inayosafisha ulimi, wala utamu haukinaishi.

Bei yake ni kubwa, sikatai. Ila unapolipia unajua unalipia nini, na chupa unaweza kuinywa jioni hiyo hiyo.

Ukiitafuta, soma lebo kwa makini. Mwaka wa mavuno peke yake hautoshi, kwa kuwa ipo pia colheita, yenye mwaka wake, ambayo kisheria huanzia miaka mitano tu ya pipa. Angalia na mwaka wa kutiwa kwenye chupa, kisha utoe ule wa mavuno: kwa frasqueira jibu lisipungue 20.