Saa tatu ya nani?

Jamani, hivi kuna mtu humu ameshawahi kupanga likizo ya familia akabaki na akili zake zote? Leo Jumamosi, siku pekee ambayo bosi wangu hana mamlaka na usingizi wangu, saa kumi na moja alfajiri simu inaita ting. Voisi noti. Dakika saba na sekunde kumi na mbili. Shemeji yangu wa Salt Lake, jimbo la Utah. Dakika sita za kwanza ni salamu tupu, kauliza watoto, kauliza kazi, kauliza hadi gari kama bado lina ule mlio, alafu mwishoni kabisa ndo anatoa dukuduku: "Sasa shemeji, hiyo saa tatu tuliyokubaliana, ni saa tatu ya nani?"

Na yeye wala hakuona kama kaniamsha, maana kule Utah ilikuwa saa kumi na mbili, kumekucha, watu wanakunywa chai.

Nikabaki naangalia dari. Kinachoniuma ni kwamba swali lenyewe nikiligeuza huku na huku naona ana haki.

Tuanze mwanzo. Sisi tuko Phoenix, Arizona, joto la Julai mnalijua, usukani unaushika kwa kitambaa kama sufuria. Mama watoto akasema mwaka huu hatukai ndani kama viazi, tunaenda Lake Powell, familia nzima, na kaka yake wa Utah naye aje na watu wake tukutane hukohuko. Mi kusikia ziwa akili ikaenda Mwanza, sato, upepo, mtu anachoma mihogo. Kumbe ni jangwa. Mawe mekundu mpaka macho yanauma, makorongo, katikati ndo maji ya buluu yamelala. Na wala siyo ziwa la Mungu, waliuziba mto Colorado kwa bwawa la Glen Canyon mwaka 1963, na maji yakaja kujaa mara ya kwanza 1980. Miaka 17! Nikajisikia undugu na hilo ziwa palepale, maana nyumba yangu ya Tanga nayo mwaka huu inafunga 17 na bado ipo kwenye lenta. Tofauti ni kwamba wao walijaza.

Ingawa sahivi nako limepungua sana, kwenye picha unaona ukanda mweupe kwenye mwamba kule juu yalikofika maji zamani, kama beseni la kufulia lililosahauliwa uani.

Tukaunda kamati. Mwenyekiti mimi, mweka hazina mama watoto, kwa hiyo mwenyekiti mama watoto. Wazo la kwanza lilikuwa kukodi ile boti nyumba, ina vyumba, ina jiko, ina mpaka ile sehemu ya kutelezea kuingia majini. Nikaangalia bei nikafunga laptopu taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Tutalala kwenye mahema. Michango ikatangazwa, ahadi zikamiminika kama harusini, na hela zikaja kama harusini vilevile.

Sasa saa.

Arizona hatusogezi saa. Majira ya joto Marekani karibu yote wanasogeza mshale mbele kwa saa moja, sisi tumekaa palepale kama kisiki, na mi siku zote nilikuwa naliona ni jambo la busara. Utah wanasogeza. Kwa hiyo saa tatu yetu kwa shemeji ni saa nne. Mpaka hapo hata mtoto anaelewa. Shida ni kwamba tutalala Lone Rock, ambayo ni mchanga wa pembeni ya ziwa, ila ni Utah, umevuka mpaka kidogo tu. Dukani tutaenda mji wa Page, Arizona. Na asubuhi ya Jumamosi tumelipia kwenda kuona Antelope Canyon, lile korongo jembamba la kwenye kalenda, na lenyewe liko kwenye ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wenye utawala wao, ambao wako ndani ya Arizona lakini wao saa wanasogeza. Alafu wanaotembeza watu humo korongoni, wako kwenye ardhi ya Wanavajo ndiyo, lakini wanafuata saa ya Page. Yaani unaamka saa nne, unapita saa tatu, unaingia saa nne, ila unahudumiwa kwa saa tatu. Na yote hiyo ni mwendo ambao hata chapati haijapoa. Simu nayo iko katikati inadaka mnara wowote itakaoupata, ukiigeuza mfukoni umeshazeeka saa nzima.

Na ukichelewa hela hairudi. Wameandika hivyo kwa herufi nene, hawa tuliowalipia, ila saa ya nani hawajaandika mahali.

Jumapili iliyopita nikaitisha kikao cha video. Nimevaa shati kabisa. Binti yangu mkubwa, miaka kumi na tatu, ndo katibu kwa sababu ana vidole vyepesi, na kwenye grupu alikuwa ameshatangaza kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Phoenix: "Safari ya korongo ni saa 9 asubuhi msichelewe!!"

Saa tisa. Asubuhi.

Mama mkwe yupo Tanga, kwenye kikao yumo, kamera imeelekea kwenye feni muda wote. Akaanza yeye: "Baba, hebu nieleweshe, saa tisa ndo mnaingia korongoni?"

Nikakohoa kikohozi cha mwenyekiti. "Hapana mama, mtoto kachanganya, ni saa tatu."

"Maana saa tisa watu wamelala. Saa tisa mtu haendi kutalii, saa tisa mtu anakwenda kuwanga."

"Ni saa tatu mama."

Shemeji akadakia: "Sasa mimi kusoma saa tisa nilijua ni ile ya mchana, nikawaambia watoto tutakula kwanza. Kwa hiyo ni saa tatu, kwetu nne."

"Ni saa tatu shemeji."

"Ndo nasema, nne."

"Nne ya kwenu."

"Lakini si tutakuwa tumelala kwetu? Lone Rock si Utah?"

"Tukifika pale inakuwa tatu."

"Pale si kwa Wanavajo? Wao si nne?"

"Ni kwa Wanavajo lakini ni tatu!"

Binti akasema kwa upole wote, "Baba, it's nine," na mama mkwe kutoka kwenye feni akaitika, "Naini ndo tisa, si ndo hiyohiyo niliyosema mimi?"

Nikachukua karatasi. Nikachora. Ramani ya ziwa, ramani ya mipaka, duara la saa kila sehemu, nikainyanyua kwenye kamera kama mwalimu wa zamu, na nikataka kuwaongezea kwamba katikati ya ardhi ya Wanavajo kuna Wahopi, kabila lingine, na wao tena hawasogezi, mama watoto akanifinya paja. Shemeji akaiangalia ile ramani muda mrefu sana mpaka nikajua mtandao umekata. Alafu akauliza, "Hilo yai ni nini?" Lilikuwa ndo ziwa.

Bado mama mkwe anataka saa ya kuondoka Phoenix, anataka atuombee dua dakika ileile magurudumu yanapoanza kuzunguka, siyo kabla siyo baada. Ana sababu, kuna mtu kamwonyesha habari za 1997, mafuriko yaliingia humohumo Antelope Canyon yakaua watalii kumi na moja, na mvua yenyewe wala haikunyesha pale, ilinyesha mbali huko juu. Nikamwambia mama siku hizi wanaangalia hali ya hewa, kukiwa na hatari hawaingizi mtu. Akasema hata 1997 walikuwepo watu wenye macho. Sina jibu. Haya, tunatoka Ijumaa saa kumi jioni nikitoka kazini. Tanga wametutangulia masaa kumi, kwa hiyo kwake ni saa nane usiku. Kimya. Feni linazunguka. "Basi nitaunganisha na tahajudi," akasema, "ila msichelewe, mimi siwezi kumsubirisha Mungu."

Hapo ndo nikapandisha. Nikasema mbele ya wajumbe wote kwamba mimi ni mtu mzima, nimefanya kazi miezi kumi na moja bila kupumzika, sijaomba ndege, sijaomba hoteli, nimeomba kukaa kwenye mchanga niangalie maji siku tatu, na mpaka sahivi kitu pekee nilichofanikiwa ni kusahau saa ngapi. Shati lenyewe nilishalivua sijui saa ngapi. Mama watoto akasema punguza sauti, majirani.

Uamuzi wa kikao ni kwamba tutabeba saa ya ukutani ya sebuleni. Wazo la mama watoto, na nimelipinga nimeshindwa, maana saa ya ukutani haidaki mnara. Ni ile tuliyopewa harusini, ya rangi ya dhahabu, mshale wa sekunde ukifika kwenye nane unatetemeka kwanza kama mtu anayefikiria kuvuka barabara. Tutaining'iniza kwenye hema. Jangwani.

Mambo mengine ni madogomadogo. Korongoni begi haliruhusiwi, mwambieni mama watoto nyie. Shemeji kasikia kule kuna samaki anaitwa stripa unavua bila kikomo, sasa anatafuta deli la tatu. Gari langu dogo wanasema litazama kwenye mchanga wa Lone Rock, na kila anayenieleza anaeleza huku anacheka.

Alafu choo. Kanuni ya kule ukilala kando ya ziwa sehemu ambayo haina choo lazima uwe na chako cha kubeba, na kila kitu mnarudi nacho, KILA kitu. Sawa, nikaagiza, kimekuja juzi, cha kijivu, kina mfuniko, kizuri tu, nikakiacha sebuleni karibu na runinga. Jana jirani yetu Mkongo, mzee wa watu, kaja kuazima pampu ya tairi, akakikalia. Kakaa nusu saa nzima, kanywa na chai, anajinyoosha, anasema mgongo wake haujawahi kupata kiti kama hiki, mulikipata wapi? Mke wangu akakimbilia jikoni. Mi nikasema niliagiza tu. Sasa ameomba akiazime Jumapili, wana mgeni mkubwa kanisani. Sijamjibu. Na pampu hajarudisha.