Msimnunulie mama bima ya viza

Kila baridi ya Ujerumani inapoanza kuisha, wazazi wetu kutoka Kisumu, Siaya na Kakamega hujiandaa kuja kututembelea, na kwenye kundi letu la WhatsApp hurudi swali lile lile: "Nani anajua bima ya bei ya chini kabisa ya kuombea viza?" Swali hilo hunitia hofu. Anayeuliza ameshalipia tiketi ya ndege, amemnunulia mama koti zito na viatu, na hakuna alipobana senti. Akifika kwenye bima, kitu pekee kitakachosimama kati ya familia yake na bili ya hospitali, ghafla anatafuta cha bei ya kutupa.

Najua tabia hii imetoka wapi. Nyumbani tulizoea kuona stika ya bima imebandikwa kwenye kioo cha matatu ili polisi wasisumbue, na abiria wala hajui inamlinda nani. Tukiugua tunategemea watu. Mgonjwa akilazwa pale Russia, kama Kisumu nzima tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, jua halitui kabla kundi la mchango halijafunguliwa, mweka hazina hajateuliwa na shemeji wa Nakuru hajatuma elfu mbili. Naupenda utaratibu huo, na sitaki mtu auseme vibaya mbele yangu. Mchango haumuulizi mgonjwa kama alitaja presha yake kabla ya kusafiri.

Bima huuliza. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, zaidi ya shilingi milioni 4, igharamie dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, hata kama kinachorudishwa ni mwili. Ajenti wa mjini anajua hayo vizuri. Anakuchapia cheti cha ukurasa mmoja: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kwenda na kurudi, kiasi. Afisa wa viza anakitazama na kuridhika. Masharti yenyewe, ukurasa baada ya ukurasa wa herufi ndogo, yamelala kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua. Humo ndimo mara nyingi huandikwa kwamba ugonjwa aliokuwa nao msafiri kabla ya kuondoka haulipiwi, au unalipiwa kiasi kidogo tu. Sasa mama ana miaka 68, anameza dawa ya presha asubuhi na ya sukari jioni. Yale mawili yanayoweza kumlaza hospitalini ndiyo hayo hayo yaliyoachwa nje.

Mzee mmoja wa upande wa Ahero alikuja kumwona mjukuu wake, sukari ikapanda, akalazwa. Kampuni ya bima ikaomba rekodi za kliniki yake ya nyumbani, ikaona ametibiwa sukari kwa miaka mingi, na kwenye fomu ya bima, palipoulizwa kama ana ugonjwa, pameandikwa "hapana". Fomu ilijazwa na kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, aliyekuwa na foleni nyuma yake. Mzee mwenyewe hakuulizwa chochote. Madai yakakataliwa, na bintiye analipa hospitali kwa awamu mpaka leo.

Hapa Ujerumani kuna jambo jingine ambalo wengi hulitia sahihi bila kulitafakari. Ukimwalika mzazi kwa hati ya udhamini, unaahidi kurudisha fedha zozote za umma zitakazotumika kumtunza, matibabu yakiwemo, na ahadi hiyo inakufunga kwa miaka 5. Uingereza ni hatari kwa namna yake: viza ya matembezi haidai bima, kwa hiyo wazazi wengi hutua bila yoyote. Kitengo cha dharura hakiwatozi, lakini wakishalazwa, hospitali ya umma huko England hutoza mgeni wa matembezi asilimia 150 ya bei yake ya kawaida.

Nimefanya kazi na Wajerumani waliokuja Kenya kuona ndovu. Kabla ya kununua kofia ya jua walikuwa wameshauliza kama bima itawarudisha kwa ndege wakiwa wamelala kwenye machela, kwa sababu bima yao ya afya ya umma hailipii matibabu Kenya, wala haigharamii kumsafirisha mgonjwa hadi kwao. Wanaongeza bima ndogo ya safari na wanaisoma. Sioni kama wametuzidi akili. Wanasoma kwa kuwa wanajua hakuna kundi la mchango linalowasubiri. Sisi tulihama, tukawaacha watu wetu kule, lakini mazoea ya kuwategemea tukaja nayo.

Kwa hiyo mpigie mama simu, mwambie alete dawa zote mezani akusomee majina, kisha uzitaje zote kwenye fomu ukiijaza mwenyewe. Ajenti akikuambia kwa mdomo kwamba presha imo, mwambie akuonyeshe ukurasa, au akuandikie barua pepe. Uliza mtalipa kiasi gani wenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kama ni lazima kupiga simu yao ya dharura kabla ya kulazwa. Tarehe zizidi safari kwa siku chache, ndege huchelewa.

Bima inayokubali magonjwa yaliyotajwa ipo, ila ni ghali, na kwa wazee waliopita 70 kampuni nyingine hukataa kabisa. Zikikataa zote, nauli hiyo itumie wewe kwenda Kisumu na watoto. Huko SHA, bima yake ya afya ya serikali, inafanya kazi, na daktari wa kliniki anamjua.