Homa ya mgonjwa wa kemo haingoji kupambazuke

Jumamosi saa tano usiku jirani alinigongea mlango. Mdogo wake, siku ya kumi tangu apate kemo, yaani dawa kali za saratani, alikuwa anatetemeka ndani ya mablanketi mawili. Nikaweka kipimajoto: 38.6. Mezani palikuwa na parasetamoli na pakiti ya amoksilini ya duka la dawa, vidonge vinne vimeshatoka. "Dada, si tungoje asubuhi?"

Nimeuguza wodi ya saratani miaka sita. Hatukungoja.

Hospitalini wakapima malaria kwanza. Hana. Akaandikiwa sindano ya seftriaksoni, ile ile anayochomwa kila mtu. Nikamwomba daktari damu ichukuliwe ya kuotesha maabara, ijulikane ina bakteria gani, kabla ya sindano, na dawa iwe nyingine. Akanijibu kwa upole, "Mama, hii ndiyo iliyopo." Chupa za kuoteshea hakuna, maabara mpaka Jumatatu.

Tangu usiku ule sijatulia. Dawa haikuchaguliwa na daktari, ilichaguliwa na kabati.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo, chembe nyeupe za damu hushuka sana. Neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu, mwili hauna hata wa kutengeneza usaha. Kifua kinaweza kuonekana safi, kidonda kisivimbe, na homa ikawa ndiyo kelele pekee utakayosikia. Antibayotiki inatakiwa iingie mshipani ndani ya saa moja, tena iwe inayomuua Pseudomonas, bakteria anayeweza kumwangusha mgonjwa wa namna hii kwa saa chache. Seftriaksoni haimwezi. Ndiyo maana miongozo hutaja piperasilini na tazobaktamu, au sefepimu, au meropenemu.

Najua nitaambiwa habari za UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Sawa, ni kweli: meropenemu ikimwagwa kwa kila homa, kesho haitamponya mtu. Na wapo wagonjwa wa hatari ndogo ambao daktari akishawapima vizuri huwatibu kwa vidonge. Lakini dawa kali hupunguzwa kwa kujua bakteria ni nani, na utamjua kwa kuotesha damu. Hospitali isiyo na chupa za kuoteshea ndiyo inayolea usugu, maana inapiga gizani kila siku. Wakuu wa hospitali, mnanunua vitanda vipya, mnapaka rangi kuta. Nunueni chupa za kuoteshea, tafadhali. Nawasihi.

Saa kumi alfajiri tulimhamishia hospitali nyingine. Neutrofili zilikuwa 200. Damu ikachukuliwa mikono yote miwili, dripu ya piperasilini ikafunguliwa, na siku ya tatu homa ikashuka.

Juzi alirudi nyumbani. Nimemwandikia kikaratasi akae nacho kwenye mkoba: tarehe ya kemo, jina la dawa za kemo, na chini kwa herufi kubwa, HOMA 38, NIPIMWE CHEMBE NYEUPE SASA HIVI. Dozi ya tatu ya kemo ni Alhamisi ijayo.