Gereji au chuo: ubishi unaomsahau mteja

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ubishi ule ule hurudi sebuleni. Alama za kijana hazikutosha, magari anayapenda, na wakubwa wake wamegawanyika. Mjomba anataka apelekwe gereji kwa mtu anayefahamika, aanze Jumatatu. Mama anataka chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, apate cheti. Kila upande una mfano wake: fundi asiyewahi kukaa darasani ambaye wenye magari wanamfuata kutoka wilaya nyingine, na mhitimu wa chuo aliyeajiriwa mgodini. Waliokwama kwa njia zote mbili hawatajwi, ndiyo maana ubishi hauishi.

Nguvu ya gereji ni kwamba kosa linajibiwa papo hapo. Dogo akifunga breki vibaya, gari linarudi jioni hiyo hiyo likilia, na mwenye gari yuko juu yake. Magari yenyewe ni yale yanayotembea mjini, IST, Noah na bajaji, kila moja na ugonjwa wake, wala hakuna majibu nyuma ya kitabu. Katika karakana za vyuo vingi, wanafunzi wengi huzunguka injini moja ambayo kila darasa lililopita limeifungua na kuifunga. Wanajua haina ubovu wa kweli. Mkono unazoea spana, lakini sikio halijifunzi kutofautisha mlio mmoja na mwingine.

Ila gereji nayo ina yake. Miezi ya mwanzo saidia fundi anaosha vipuri kwa petroli, anafuata chai na kununua vocha. Fundi hana mtaala, na hana sababu ya kuharakisha: kijana asiyejua mengi ni kibarua wa bei rahisi, na anayejua yote ni mshindani atakayefungua gereji mtaa wa pili na kuondoka na wateja. Kwa hiyo kazi nyeti, kama kufungua gia boksi ya otomatiki au kufuatilia hitilafu ya umeme, mara nyingi hufanyika dogo akiwa ametumwa dukani. Sidhani ni roho mbaya. Ni hesabu tu. Tena magari ya siku hizi, yanayopimwa kwa kompyuta, yanamtaka fundi aelewe kihisi (sensa) cha gari kinasema nini na kwa nini. Kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka taa izime ni njia ghali, na anayelipa ni mteja.

Hapa jirani, Uganda, wapo walioamua kupima badala ya kubishana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Econometrica ulifuatilia vijana wapatao 1,700 na biashara zipatazo 1,500 kwa miaka minne. Kwa bahati nasibu, baadhi ya vijana walipewa nafasi ya miezi sita ya chuo cha ufundi, wengine miezi sita ya kujifunzia kazini, na wengine hawakupewa chochote ili wawe kipimo. Makundi yote mawili yaliyofunzwa yalipata ujuzi wa fani kwa kiwango kinachokaribiana. Waliojifunzia kazini walianza kuvuna mapema, lakini faida yao ikapungua kadiri miaka ilivyokwenda. Wa chuo walianza polepole, kisha wakawapita kwa ajira na kwa kipato.

Mama wa kijana angeweza kuishia hapo na kutangaza ushindi. Mimi naona sababu ndiyo yenye maana zaidi kuliko matokeo. Wa chuo walipopoteza kazi, walipata nyingine haraka zaidi, na watafiti wanahisi ni kwa kuwa ujuzi wao ulikuwa na cheti ambacho mwajiri mpya angeweza kukiona. Kwa maneno mengine, mkono wa aliyefunzwa kazini haukuwa dhaifu. Ulikosa cha kuonyesha mbele ya mtu asiyemfahamu bosi wake wa zamani.

Kama ni hivyo, dawa si lazima iwe kumhamishia kijana darasani. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa vitendo, anafundishwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Kenya, mafundi wa jua kali hufanya mitihani ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya tatu. Wapinzani wa utaratibu huu wana hoja, kwamba cheti kikigawiwa kama kadi za harusi, mwajiri ataacha kukiangalia na atarudi kupiga simu kuuliza huyu alifundishwa na nani. Hoja hiyo inadai upimaji uwe mkali. Haiondoi haja ya upimaji.

Kuna pengo ambalo mjomba na mama wote wameliruka: namna ya kumhudumia mteja. Peleka kitambaa kwa fundi cherehani wiki mbili kabla ya Idi. Advansi itapokewa, vipimo vitachukuliwa, siku itatajwa, kisha utaanza kuambiwa njoo kesho. Ushonaji wake hauna kasoro. Anachokosa ni kukataa kazi iliyozidi uwezo wake, kumpigia mteja simu kabla hajafunga safari, na kueleza kwa nini bei imebadilika. Gereji haimfundishi kijana hayo. Inamfundisha kuiga, na kama bosi wake ni bingwa wa visingizio, ataviiga pia. Darasani nako mambo haya huishia kwenye daftari na swali la mtihani: taja sifa tano za huduma bora kwa mteja. Anayezitaja zote anapata alama zote, hata kama hajawahi kumtazama mteja mwenye hasira usoni.

Wapo wanaosema hayo ni malezi, na aliyeyakosa nyumbani hayapati kwa mwalimu. Nilikuwa na huruma na hoja hiyo mpaka nilipotazama matokeo ya Lomé, Togo, yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa mambo yaliyozoeleka, kama utunzaji wa hesabu na masoko. Jingine lilifundishwa kujituma: kuanza jambo bila kusukumwa, kutazama mbele, kuendelea licha ya vikwazo. La tatu halikufunzwa. Makundi mawili yaliyofunzwa yalipata muda sawa darasani, saa 36, kisha mkufunzi akawatembelea kwenye biashara zao mara moja kwa mwezi kwa miezi minne. Faida ya waliofundishwa kujituma ilipanda kwa 30% wakilinganishwa na wasiofunzwa. Kwa waliofundishwa yaliyozoeleka makadirio yalikuwa 11%, tofauti ndogo mno kitakwimu kuweza kutegemewa.

Kujituma si sawa na lugha nzuri kwa mteja, na wenye biashara wa Lomé si vijana wa miaka 17. Hata hivyo, kama tabia ya mtu mzima inaweza kubadilika kwa wiki chache za mafunzo na mkufunzi anayemfuata kazini, siamini kwamba “njoo kesho” haina tiba. Tiba yenyewe si semina ya siku moja yenye chai, posho na picha ya pamoja. Ni mazoezi ya kuigiza yanayorudiwa: mmoja ni mteja ambaye taa ya gari lake imevunjwa gereji, mwingine ni fundi anayepaswa kusema ukweli, wengine wanatazama na kukosoa, kisha anaanza upya. Mara ya kwanza watacheka. Hatari yake ni kuzalisha maneno ya kukariri, kama yale ya wahudumu wa simu wanaokushukuru kwa uvumilivu huku tatizo lako likibaki pale pale. Ndiyo maana ziara ya mkufunzi mahali pa kazi haikwepeki, na hiyo ndiyo sehemu inayogharimu.

Hapo ndipo fedha inapoingia. Tanzania, waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi 3.5% ya mishahara mwaka 2023, na sehemu yake huenda VETA. Fundi wa mtaani hayumo katika mzunguko huo, ingawa yeye ndiye shule ya vijana wengi. Ujerumani, mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi, hugawa wiki yake kati ya kazini na shuleni, ana mkataba, posho na mtihani mwishoni, na bosi wake anajua anachotakiwa kumfundisha. Mtindo huo VETA imeujaribu katika baadhi ya vyuo, lakini unahitaji makampuni yenye karakana na msimamizi, si gereji ya chini ya mwembe. Ningependa kuona sehemu ya tozo ikimlipa fundi huyo kwa kila kijana wake anayefaulu upimaji. Akilipwa kwa kufundisha, hatakuwa na haraka ya kumtuma dukani gia boksi inapofunguliwa.

Mpaka hilo litokee, mzazi mwenye ada ya chuo kimoja tu ana maswali machache ya kuuliza kabla ya kuitoa. Chuoni aulize kijana atashika kifaa kwa saa ngapi kwa wiki, na mafunzo kazini yatakuwa wapi na kwa nani. Gereji aulize ni kazi gani kijana ataachiwa aifanye peke yake baada ya miezi sita, na nani atamwambia mteja ikiharibika.