Msiniambie Kentucky Imekipata Ilichokitaka

Mwanzoni mwa Novemba 2025, serikali kuu ya Marekani ikiwa imefungwa mwezi mzima kwa kukosa bajeti na kadi za chakula za watu wapatao milioni 42 zikiwa hatarini kukosa pesa, rafiki yangu mmoja alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Ni mtu ninayemheshimu, mwenzangu wa chama, anaishi kwenye jimbo ambalo Wademocrat wamezoea kushinda. Picha ilikuwa ya foleni ya watu wanaosubiri msaada wa chakula nje ya kanisa, hapa Kentucky, jimbo lililomchagua Trump. Chini yake akaandika: "Si ndiye waliyempigia kura? Sasa wale walichopika." Watu wakacheka.

Mimi sikucheka, na hasira haijanishuka mpaka leo. Serikali ilifunguliwa Novemba 12, baada ya siku 43, lakini maneno yale bado nayasikia kila mahali waliberali tunapokutana.

Mimi ni mliberali na sifichi. Nilimpigia kura Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic, na alfajiri ya Novemba 6, 2024, Wisconsin ilipotangazwa kuwa ya Trump na hesabu ya kura za wajumbe, zile zinazoamua urais, ikavuka 270, nililia. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nawaambia watu wa upande wangu mwenyewe. Maneno hayo ni ya kikatili, na wala si ya kweli.

Tuanze na hilo la ukweli. Trump alipata karibu asilimia 65 ya kura za Kentucky. Sawa. Lakini watu zaidi ya laki saba wa jimbo hilihili walimchagua Harris. Kule Texas, ambako tumeshazoea kukuita kwa Warepublican, Harris alipata kura kama milioni 4.8, nyingi kuliko alizopata New York. Na California, ambayo tunaiita yetu, ilimpa Trump zaidi ya kura milioni 6, karibu sawa na alizopata Florida. Ile ramani ya nyekundu ya Republican na bluu ya Democratic inatokana na utaratibu wa kura za wajumbe, ambao karibu kila jimbo humpa mshindi vyote na kumfuta aliyeshindwa kana kwamba hakuwahi kutoka nyumbani. Utaratibu huo tumeulalamikia sisi wenyewe tangu mwaka 2000, Al Gore alipopata kura nyingi za wananchi na urais ukaenda kwa George W. Bush. Leo tunautumia huohuo kuamua nani anastahili kulala njaa.

Sasa niwapeleke kwenye foleni yenyewe, maana nimesimama humo. Mimi ni mkalimani hapa Louisville. Wakongomani wapo wengi mjini, na pale wanapogawiwa chakula huwa naitwa kusaidia. Siku moja ya wiki zile alikuwepo mama wa Fizi, Kivu Kusini, aliyeishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Nyuma yake alisimama mzee mzungu, dereva mstaafu wa malori, aliyeniambia kwamba hajapiga kura tangu ile mara ya kwanza ya Obama. Mama akapewa boksi la makaroni ya jibini. Akaligeuzageuza mkononi, akaninong'oneza kama hiki ni chakula au sabuni. Yule mzee alikuwa na mfuko wa mchele kwenye kapu lake. Akaunyoosha kwa mama, akaonyesha boksi kwa kidole, wakabadilishana pale pale, hakuna aliyehitaji nitafsiri. Kisha mzee akaanza kumwonyesha kwa mikono kopo lipi ni maharage na lipi ni nyama ya nguruwe.

Naomba mtu anijibu. Kati ya wawili hao, ni nani amepika? Mzee hakupiga kura. Unaweza kumlaumu kwa hilo, na mimi nilimlaumu mbele ya macho yake. Mama hana haki ya kupiga kura. Mkimbizi husubiri miaka mitano tangu aingie nchini ndipo aombe uraia. Watoto waliokuwa wamewashika mama zao sketi kwenye foleni ile hawajui hata seneta ni nini. Bili ya Novemba 5, 2024 imeletewa watu ambao hawakukaribishwa mezani wakati chakula kinaagizwa, na sisi tunasimama pembeni tunasema wamekula sana.

Huyu mama nimekaa naye zaidi, na yaliyompata nayaeleza kwa sababu yamewapata wengi. Mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi kama laki moja, na Wakongomani ndio waliokuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Binti yake mkubwa na wajukuu walikuwa nyuma yake kwenye mstari. Walishamaliza usaili, walishapimwa afya, walishaanza kugawa vyombo vyao kwa majirani kambini. Januari 20, 2025 Trump akaapishwa, na siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa na tarehe za kusafiri wakafutiwa ndege. Binti bado yuko Nyarugusu. Julai 4 ikasainiwa ile sheria kubwa ya kodi na matumizi, ambayo imewaondoa kwenye msaada wa chakula wakimbizi ambao hawajapata grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mwishoni mwa Oktoba ikatangazwa kwamba kwa mwaka mzima wa fedha wa 2026 watapokelewa wakimbizi 7,500 tu, na nafasi nyingi ni za Makaburu wa Afrika Kusini. Mama aliponiuliza, "Mwanangu, sisi tuliwakosea nini?" nilikosa jibu. Nimetafsiri hospitalini na mahakamani na sijawahi kukosa neno namna ile.

Kwa hiyo mtu akiniandikia kwamba Kentucky imekipata ilichokitaka, mimi nauona uso wa mama huyu, na naomba radhi kama sauti yangu inapanda.

Najua mtakachonijibu. Mtasema watu walijua. Ni kweli. Kwenye mkutano mkuu wa Republican kule Milwaukee, Julai 2024, wajumbe waliinua mabango yanayodai watu wafukuzwe nchini kwa halaiki. Waliusikia ule uongo kuhusu Wahaiti wa Springfield, Ohio, kwamba wanakula paka na mbwa wa watu, na bado wakampigia kura aliyeusema. Wapo walioipenda hasa ile chuki. Na wapo wasioweza kumchagua mwanamke mweusi hata angekuwa malaika. Nayakubali yote hayo, japo yananiuma kuyakubali.

Lakini siku ileile, kwenye karatasi ileile ya kura, Kentucky iliulizwa kama katiba ya jimbo ibadilishwe ili pesa za umma ziweze kwenda shule za binafsi. Warepublican waliitaka sana. Ikakataliwa katika kaunti zote 120. Harris alishinda kaunti mbili tu, hii yetu ya Jefferson na ile ya Fayette. Maana yake kaunti 118 zilimchagua Trump na papo hapo zikazilinda shule za umma kama tulivyoziomba. Mwaka 2022 jimbo hilihili lilikataa kuandika kwenye katiba kwamba hakuna haki ya kutoa mimba. Mwaka 2023 likamrudisha gavana wa Democratic, Andy Beshear. Hao si watu waliotufungia mlango. Wanatusikia vizuri kabisa tukizungumzia shule ya mtoto wao na daktari wao. Hawatuamini tukifika kwenye urais, na wana sababu. Tulimbakiza Joe Biden mpaka mdahalo wake na Trump wa Juni 27, 2024 ulipotuvua nguo mbele ya dunia, tukamwachia Harris siku 107 za kampeni. Na bei zilipopanda, mtu ameshika risiti ya dukani mkononi, sisi tukamsomea takwimu kwamba uchumi ni mzuri.

Kuna mmoja aliyefanya kinyume. Baada ya uchaguzi wa 2024 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, wakati huo mjumbe wa bunge la jimbo la New York, alichukua maikrofoni akasimama barabarani Hillside Avenue kule Queens na Fordham Road kule Bronx. Akawauliza wapita njia kwa nini walimchagua Trump au kwa nini hawakupiga kura kabisa. Wakamwambia kodi ya nyumba, nauli, chakula, Gaza. Hakuwagombeza. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 4, 2025, alichaguliwa meya wa jiji la New York kwa zaidi ya kura milioni moja. Sikubaliani naye katika kila jambo na najua Kentucky si Queens. Ila nimeangalia video ile mara nyingi, na kinachonigusa ni jinsi anavyomwachia mtu amalize sentensi yake.

Novemba 2026 tutachagua seneta mpya badala ya Mitch McConnell, aliyeko Seneti tangu 1985. Kura za mchujo zilipangiwa Mei 19. Nimejitolea kupita nyumba kwa nyumba, na nimeomba nipangiwe kaunti ya Elliott, huko milimani mashariki. Kaunti hiyo ilimpa ushindi kila mgombea urais wa Democratic tangu 1872, Obama akiwemo mara zote mbili, hadi ilipokwenda kwa Trump mwaka 2016. Wengi wa wazee waliompigia Obama wangali hai na nyumba zao zinajulikana. Nitawauliza habari za hospitali yao, kwa sababu sheria ya Julai 4 imepunguza Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na hapa Kentucky karibu mtu mmoja kati ya watatu hutibiwa kwa Medicaid. Nitawauliza pia walituacha lini na kwa nini, halafu nitanyamaza niandike wanachosema. Anayetaka kuja nami aniandikie. Gari langu lina nafasi nne, na mafuta nitajaza mwenyewe.