Duluti ni ziwa la kuzungukwa kwa miguu

Abiria wengi wa basi la Arusha kwenda Moshi wanaijua Tengeru kwa soko lake la Jumatano na Jumamosi. Ndizi, maharage, mitumba, makondakta wakigombea abiria, kisha safari inaendelea. Upande wa kulia wa barabara hiyo, mwendo mfupi tu kupitia migomba na mikahawa, kuna Ziwa Duluti. Ni dogo, halifiki kilomita moja ya mraba. Limejaa ndani ya kasoko ya volkano ya zamani chini ya Mlima Meru, mita zipatazo 1,290 juu ya usawa wa bahari, na limezungukwa na utepe mwembamba wa msitu wa hifadhi.

Nawafahamu watu waliozaliwa na kukulia Arusha ambao hawajawahi kulizunguka. Inaniuma, ingawa siwalaumu. Tumezoea kwamba kwenda kuona maumbile ni kwenda Serengeti au Ngorongoro, ndani ya gari, kumtafuta simba. Anayekosa pesa za gari hilo anajihesabu kuwa maumbile hayamhusu. Duluti hakuna simba wala tembo. Kuna njia ya miguu ya kama kilomita tatu kuzunguka maji, na kwangu hiyo ndiyo shule ya kwanza ya maumbile kwa mtoto yeyote wa mkoa huu.

Mimi hupendelea kwenda Januari na Februari, kiangazi kikiwa kimekolea. Nje, vumbi la Tengeru limepanda hadi kwenye majani ya migomba. Ndani ya msitu joto linakatika papo hapo. Miringaringa na mikuyu imefunga anga, mizizi inavuka njia, na ardhi ya chini ina unyevu hata kama mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa. Ukienda polepole utasikia majani yakitikisika juu: kima wanahama mti mmoja hadi mwingine. Kenge naye hujianika kwenye gogo la ukingoni, na usipoangalia utamkaribia kabla hujamwona. Yeye atakuwa ameshakuona zamani.

Raha yenyewe iko pale njia inaposhuka karibu na mafunjo. Simama hapo, usiseme kitu. Mdiria mweusi na mweupe atakuja kusimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga lakini hasogei, macho yako chini, halafu anajitupa. Yule mdogo wa buluu na chungwa yeye hukaa kwenye unyasi mmoja na kungoja. Mnandi, baada ya kuzamia perege, hupanda kwenye mti mkavu na kutandaza mabawa yake juani, kwa sababu manyoya yake hulowa. Na mbayuwayu unaowaona wakikata uso wa ziwa miezi hiyo, wengi wao wametoka Ulaya, wamekimbia baridi ya huko. Wao wamesafiri maelfu ya kilomita kuja, sisi tunashindwa kutoka Sakina, mtaa wa hapa hapa Arusha.

Asubuhi ikiwa safi kuna sehemu ambapo miti inaachia nafasi, na Meru inaonekana yote, mita 4,500 na zaidi. Ukibahatika, upande wa mashariki utaiona Kilimanjaro nayo, kabla mawingu hayajaifunika.

Sasa niseme kinachonifanya niandike. Duluti haina mto unaoingia wala mto unaotoka. Maji yake yanategemea mvua na yale yanayopita chini ya ardhi. Maana yake ni kwamba chochote kinachoteremka kutoka kwenye kingo za kasoko, udongo, mbolea ya shambani, chupa ya plastiki, hakipiti kwenda kwingine. Kinabaki humo. Kinachozuia sehemu kubwa ya udongo huo usifike majini ni ule utepe wa msitu, na msitu wenyewe ni mdogo mno, takriban hekta 19. Nyuma yake kuna mashamba, nyumba na mji unaotanuka kila mwaka. Ukikata miti michache juu ya mteremko mkali kama ule, mvua za masika haziulizi mara mbili. Kwa hiyo mtu anaposema "miti kumi tu, tupate nafasi ya viti na maegesho," mimi nakataa, na nitaendelea kukataa.

Nakataa pia spika. Siku za sikukuu vikundi huja na muziki wa kutikisa kifua, nyama inachomwa, watu wanapiga picha mbili kwenye maji na kuondoka bila kupiga hatua mia moja ndani ya msitu. Sina ugomvi na nyama choma wala na ngoma. Arusha ina kumbi na bustani za kutosha kwa shughuli hiyo. Lakini furukombe, yule tai anayekula samaki, hatulii palipo na spika, na familia iliyokuja na watoto kusikiliza ndege imelipa kiingilio kilekile. Hifadhi hii iwe ya waendao kwa miguu, na hilo liandikwe getini kwa herufi kubwa.

Ukimaliza mzunguko, uliza njia ya makaburi ya Wapoland, yaliyo ndani ya eneo la chuo cha mifugo hapo hapo Tengeru. Watu hawa walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati, wakatokea Iran, na kuanzia 1942 karibu 5,000 kati yao, wengi wanawake na watoto, waliishi Tengeru katika vibanda vya duara vilivyoezekwa kwa nyasi. Kambi yao ilikuwa jirani na ziwa hili. Walikuwa na shule, kanisa na mashamba, na miaka kumi baadaye karibu wote walikuwa wameondoka. Yamebaki makaburi yapatayo 150. Watoto waliotoka kwenye theluji na njaa walijifunza kuishi upya kando ya maji haya, na mtoto wa Tengeru wa leo anastahili kuijua habari hiyo akiwa amesimama mahali penyewe, siyo ukubwani.

Ndiyo maana ombi langu ni kwa walimu kwanza. Shule zinafunguliwa Januari, kiangazi hichohicho, na zile za Tengeru na Usa River ziko karibu. Wapelekeni watoto wa darasa la nne, wawe na daftari na penseli tu, waingie saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wakala wa Misitu nao waweke vibao vidogo kwenye miti mikubwa, jina la mti kwa Kiswahili na kwa Kimeru, na mti huo ulitumika kwa nini: mzinga wa nyuki, ngoma, dawa. Wazee wa hapo bado wanayajua majina hayo na wakiombwa watayasema. Kilomita tatu mtoto wa miaka tisa anazimaliza kabla ya saa nne, akisimama kila mahali anapotaka.