Huku vikongwe wanasoma habari za mizimu, wala hakuna anayewanolea panga

Mkutubi wa maktaba ya mtaa wetu hapa Leeds, Uingereza, ni bibi wa mvi tupu, anaishi na paka wake tu, na hakuna anachokipenda kama riwaya za kutisha. Nikirudisha kitabu ananiuliza kwa sauti, mbele ya watu, kama nililala vizuri. Juzi alinisimulia habari za maiti na makaburi huku uso umemchangamka, na foleni nyuma yangu ikacheka naye. Nilitoka pale nimefurahi, ila kabla sijafika nyumbani furaha ilishageuka hasira. Nyie wa Magu, Misungwi na Kwimba, huko kwetu Mwanza, mnajua kwa nini. Bibi wa namna hiyo, asiye na mume, mwenye paka, anayewataja wafu bila woga, kwetu angeitwa mchawi, asingeachwa afikishe umri ule.

Nimesoma sana msimu huu wa baridi. Dracula ya Bram Stoker, riwaya ya mnyonya damu ya mwaka 1897, ina mwanzo mtamu, katikati inachosha, barua juu ya barua. Lakini pale meli Demeter inapoingia bandari ya Whitby, nahodha maiti, mikono imefungwa kwenye usukani, nilikiweka kitabu chini. Mtu aliyekulia Kirumba, Mwanza, hasomi habari za meli kama wengine. Mwaka 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, wengine wakiwa bado hai ndani. Ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Stoker hana ukurasa unaofika hapo.

Pet Sematary ya Stephen King (1983) ndiyo iliyoninyima usingizi. Baba anamzika upya mwanawe mahali ambapo anayezikwa hurudi, na anajua fika kwamba kinachorudi si yule aliyekufa. Nilisoma nikijiuliza, watu wa matanga wako wapi? Kwetu nani angemwacha mfiwa peke yake usiku na koleo mkononi? Shemeji wangekuwa wamelala uani, kina mama wamejaa ndani. Hapo nasema kwa kifua mbele: tunajua kukaa na mfiwa.

Kisha nikaja kwenye The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson (1959), ambamo nyumba yenyewe ndiyo mbaya. Milango inagongwa usiku, watu wanashikana mikono kwa hofu, na hadi mwisho hakuna jirani anayetuhumiwa. Hofu inabaki ndani ya kuta zile. Kwetu hofu haimalizi wiki bila kupewa jina la mtu. Mtoto akifa, ng'ombe wakifa, mpiga ramli anaulizwa “nani”, na jibu linakuwa bibi mwenye macho mekundu, macho aliyoyapata kwa miaka ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku ramli baada ya ndugu zetu wenye ualbino kuuawa. Vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga tangu zamani.

Nawasikia: “Kafika Ulaya, sasa anatudharau.” Sidharau. Mimi ni Msukuma, na usiku nikisikia bundi bado moyo unashtuka, hata hapa. Wala Waingereza siwapambi. Mwaka 1612 waliwanyonga watu kumi Lancaster kwa kesi ya uchawi, na miongoni mwa walioshukiwa mwanzoni walikuwamo bibi wawili maskini. Ilifika 1735 ndipo sheria yao ikaacha kumwua mtu kwa uchawi. Hata Dracula, tukisema ukweli, ni mgeni anayejifunza Kiingereza kwa bidii ili asitambulike mitaani London. Mhamiaji akisoma hapo anajikuna kichwa. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Kisukuma. Wao waliacha, na sisi tunaweza kuacha.

Wengine watasema riwaya ni riwaya, haiui mtu. Basi fungueni simulizi zinazouzwa sura kwa sura kwenye simu. Nazifuata kila usiku, “itaendelea” inanikera kama inavyowakera nyie, na vijana wale wanajua kumbana msomaji. Lakini mchawi ni nani humo? Bibi wa kijijini. Mama mkwe. Mama wa kambo. Kila mara! Msomaji wa miaka kumi na sita anafunga simu, kesho anakutana na bibi huyo huyo kisimani.

Wala si kwamba kalamu hatuna. Kisiwa cha Ukerewe pekee kimetoa waandishi Kitereza na Kezilahabi, na anayetilia shaka asome Nagona ya Kezilahabi usiku, peke yake. Tuna ziwa, tuna ukungu wa asubuhi, tuna kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwaka 2018 na fundi aliyetolewa hai siku mbili baadaye. Tuandike hayo.

Au mwandishi mmoja wa Mwanza atuandikie riwaya nzima kutoka ndani ya nyumba ya yule bibi: mpiga ramli amekwishamtaja, kijiji kizima kinajua, yeye anasalimiwa na watu wasiomtazama usoni, na jioni anatafuta kitu kizito cha kuegemeza mlango. Sijasoma hofu kubwa kuliko hiyo katika rafu zote za huku. Atakayeiandika aniambie bei. Nitalipia sura zote siku ya kwanza.